Isotopu za hospitali kutoka kwenye kichapuzi cha elektroni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Maswali haya, kuhusu kutengeneza isotopu za hospitali kwa kichapuzi (mashine inayozipa elektroni kasi kubwa sana), huulizwa na wauguzi, wafamasia, mafundi umeme, walimu wa fizikia na ndugu wa wagonjwa, kuanzia Pangani hadi Lushoto. Mengine ni ya kitaalamu kabisa, mengine ni ya mtu aliyepewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam na anataka kujua anakwenda kuchomwa sindano ya nini. Yote tumeyajibu hapa.

Isotopu ya tiba ni nini, na kwa nini teknisiamu-99m inatajwa kila mara?

Ni atomu isiyotulia, inayotoa mionzi mpaka itulie. Hufungwa kwenye dawa inayopenda kwenda kwenye kiungo fulani, kama mifupa, figo, moyo au tezi ya shingo, kisha kamera ya gama inasoma mionzi inayotoka na kuchora picha. Teknisiamu-99m hutumika katika takriban asilimia 80 ya vipimo vya tiba ya nyuklia duniani. Gama yake ya keV 140 (keV ni kipimo cha nishati) ina nguvu ya kutoka mwilini bila kuipita kamera, na nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni saa 6, hivyo mgonjwa habaki nayo muda mrefu.

Saa hizo 6 ndizo zinazoleta shida. Huwezi kuiweka stoo. Kinachosafirishwa ni mzazi wake, molibdenamu-99, yenye nusu-uhai wa saa 66, nayo huendelea kuzaa teknisiamu ndani ya kifaa kiitwacho jenereta.

Si huwa inatoka kwenye vinu vya nyuklia?

Nyingi ndiyo. Urani-235 inapasuliwa na nyutroni, na katika kila mipasuko 100, kama 6 hivi huleta molibdenamu-99. Vinu vinavyolisha dunia ni vichache: HFR kule Petten, Uholanzi; BR2 cha Ubelgiji; SAFARI-1 cha Afrika Kusini; OPAL cha Australia; na vingine viwili vitatu. Mwaka 2009 kinu cha NRU cha Canada kilisimama kwa matengenezo kwa zaidi ya mwaka, na HFR nacho kikasimama mwaka 2010 wakati NRU bado hakijarudi. Hospitali nyingi duniani ziliahirisha vipimo. NRU kilizimwa moja kwa moja mwaka 2018. Tangu uhaba ule wa 2009 na 2010, wengi wamekuwa wakiuliza kwa bidii kama kuna njia isiyohitaji urani wala kinu.

Elektroni inawezaje kutengeneza molibdenamu-99?

Elektroni yenyewe haifanyi kazi hiyo moja kwa moja. Inaongezewa kasi mpaka nishati ya MeV 35 hadi 42 (MeV moja ni keV 1,000), kisha inagongeshwa kwenye metali nzito. Inapokatwa kasi ghafla karibu na viini vya metali hiyo, inatoa fotoni kali, yaani mionzi ya aina ya eksirei. Fotoni moja kati ya hizo ikikipiga kiini cha molibdenamu-100 kwa nguvu ya kutosha, kinatema nyutroni moja, na kinachobaki ni molibdenamu-99.

Nguvu ya kutosha ni MeV 8.29. Chini ya hapo hakuna kinachotokea, hata ungeacha mashine ikiwaka mwezi mzima. Fotoni zinazofanya kazi vizuri zaidi ni za karibu MeV 14 hadi 15. Kwa kuwa elektroni ya MeV 40 hutoa fotoni za kila ukubwa kuanzia sifuri hadi 40, sehemu nzuri yake huangukia eneo hilo. Ukishuka hadi MeV 20, mavuno kwa kila kilowati yanaporomoka. Ukipanda sana kupita 40, mavuno kwa kilowati hayaongezeki kwa maana yoyote, ila uchafu wa isotopu nyingine unaongezeka.

Molibdenamu ya asili ina molibdenamu-100 kidogo, chini kidogo ya asilimia 10. Ukiitumia hivyo hivyo utapata moja ya kumi ya mavuno, pamoja na mabaki mengi ya niobiamu usiyoyataka. Kwa sababu hiyo hutumika iliyorutubishwa, yaani ambayo molibdenamu-100 imeongezwa kupita asilimia 95. Ni ghali, na bei yake ndiyo inayotawala maamuzi mengi yanayofuata.

Hiyo ni mashine ile ile ya LINAC ya kutibu saratani?

Ni za ukoo mmoja, lakini kazi ni mbali. LINAC, yaani kichapuzi cha mstari mnyoofu, ya matibabu hufanya kazi kati ya MeV 6 na 18 au zaidi kidogo, na nguvu ya mwale wake (mkondo wa elektroni) haifiki kilowati moja. Ya MeV 6 haigusi hata kizingiti cha 8.29. Ya kutengeneza isotopu inahitaji mwale wa makumi ya kilowati. Mashine ya utafiti huko Saskatoon, Canada, ilipangwa kwa MeV 35 na kilowati 40. Huko Beloit, Wisconsin, kampuni ya NorthStar ilijenga kituo chenye vichapuzi viwili vya aina ya Rhodotron vya kampuni ya IBA ya Ubelgiji.

Shabaha inatengenezwaje, na kwa nini kila mtu anazungumzia joto?

Shabaha ni ile molibdenamu inayopigwa, na joto ndilo linaloamua kama utavuna au utaharibu. Karibu nguvu yote ya mwale inaishia kuwa joto ndani ya shabaha na vilivyo jirani yake, kwenye ujazo wa sentimita chache tu.

Kuna mipangilio miwili. Wa kwanza una kigeuzi, ile metali nzito inayogeuza elektroni kuwa fotoni, cha tungsteni au tantali mbele na molibdenamu nyuma yake. Kigeuzi huwa na unene wa milimita chache tu. Ukikifanya kinene zaidi kinameza fotoni zake chenyewe, na kikiwa chembamba mno elektroni zinapita bila kugeuka na kwenda kuipasha shabaha moto. Wa pili unaondoa kigeuzi kabisa: mwale unaipiga molibdenamu yenyewe, na molibdenamu inafanya kazi zote mbili. Mpangilio huu hautaki tungsteni, ila shabaha inabeba joto lote peke yake.

Shabaha huwa rundo la visahani vya molibdenamu vyenye unene wa nusu milimita hivi, vilivyoachiana nafasi nyembamba. Heliamu yenye shinikizo inasukumwa kwa kasi kupitia nafasi hizo. Heliamu ina faida mbili: hailiki metali, na haigeuki kuwa ya mionzi kama maji yanavyofanya. Molibdenamu huyeyuka kwenye nyuzi 2623, lakini usikubali kufika karibu na hapo. Kisahani kilichopata joto kupita kiasi hujikunja, kikagusa jirani yake, na heliamu ikakosa njia pale walipogusana. Kuanzia hapo mambo huharibika ndani ya sekunde.

Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni dirisha, ile metali nyembamba inayotenganisha ombwe la kichapuzi na heliamu ya shabaha. Mwale ukisogea milimita chache kutoka katikati, joto linarundikana upande mmoja na dirisha linapasuka. Heliamu inaingia kwenye ombwe, na kichapuzi kizima kinahitaji kufunguliwa. Mwale huchezeshwa kidogo kwa sumaku ili joto lisambae, na vipimajoto vya pande nne vya dirisha vinaunganishwa moja kwa moja na kitufe cha kuzima. Kumtegemea binadamu auone mshale ukipanda hakutoshi.

Baada ya kuivuna shabaha, kazi inayofuata ni ipi?

1. Shabaha inasubiri saa kadhaa ili isotopu za muda mfupi zife, kisha inahamishiwa kwenye chumba chenye kuta za risasi na mikono ya mitambo.
2. Visahani vinayeyushwa kwenye peroksidi ya haidrojeni yenye moto kiasi. Hii inataka uvumilivu: ukimwaga yote kwa mkupuo, inachemka yenyewe, inafura povu na kutoka nje ya chombo. Peroksidi huongezwa kidogo kidogo huku chombo kikipozwa.
3. Inaongezwa haidroksidi ya potasiamu, ikapatikana molibdeti ya potasiamu, mmumunyo usio na rangi.
4. Mmumunyo unachujwa, unapimwa, unajazwa kwenye chupa na kufungwa kwa ajili ya safari.

Hatua ya pili ina mvutano ambao hauna jibu moja. Kisahani kilichookwa kikashikamana sana kinapitisha joto vizuri kwenye mwale, lakini kinayeyuka polepole kwenye peroksidi, na kila saa inayopita inakula karibu asilimia moja ya mavuno. Kilichoachwa na vitundu kinayeyuka haraka, lakini kwenye mwale hakipoi vizuri. Kila kituo hutafuta msongamano wake kwa kupima, na ukishapatikana haubadilishwi ovyo.

Molibdenamu-100 iliyobaki hairuhusiwi kutupwa. Mmumunyo uliotumika unawekwa mpaka mionzi ishuke, molibdenamu inatolewa kama oksidi, potasiamu inaoshwa, oksidi inapitishiwa haidrojeni kwenye tanuri mpaka iwe unga wa metali, unga unashindiliwa na kuokwa tena kuwa visahani. Chembe zinapotea kila hatua. Kituo kinachozembea hapa hufa kifedha hata kama mwale wake ni mzuri kupindukia.

Je, molibdenamu hii inaweza kuwekwa kwenye jenereta ya kawaida?

Haifai. Ile ya urani ina maelfu ya kyuri (kipimo cha wingi wa mionzi) kwa gramu moja, kwa sababu karibu kila atomu ya molibdenamu iliyomo imezaliwa kwenye mpasuko. Hii ya fotoni ina kyuri 10 hivi au chini yake kwa gramu, kwa kuwa imechanganyika na molibdenamu-100 ambayo haikuguswa, na kemia haiwezi kuzitenganisha. Jenereta ya kawaida ina safu ya alumina, na gramu moja ya alumina hushika vizuri miligramu chache tu za molibdenamu. Kwa mzigo huu ungehitaji safu kubwa mno, na teknisiamu ingetoka imezimuliwa kwenye maji mengi.

Hivyo kazi inageuzwa. Badala ya kuishika molibdenamu na kuiachia teknisiamu, mmumunyo mzima unapitishwa kwenye resini inayoishika teknisiamu. Molibdenamu inarudi kwenye chupa yake kuendelea kuzaa. Resini inaoshwa, teknisiamu inang'olewa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na kabla ya kuingia kwenye kichupa inapita kwenye safu ndogo ya alumina inayokamata molibdenamu yoyote iliyopenya. Marekani iliidhinisha kifaa cha namna hii, RadioGenix, Februari 2018.

Njia hii imefanikiwa kibiashara?

Kifizikia na kikemia inafanya kazi. Kibiashara ni ngumu. NorthStar yenyewe ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaachana na molibdenamu-99 na kuelekeza nguvu kwenye isotopu za kutibu. Anayeleta Tanga mpango wa kichapuzi lazima aulizwe kuhusu hilo kabla ya kuulizwa kuhusu megawati.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mavuno yote yanapotea?

Hapana. Inategemea umekatika lini. Chukua kazi ya siku 6 mfululizo. Umeme ukikatika kwa saa 6 siku ya kwanza, mwisho wa kazi utakuwa umepungukiwa karibu asilimia 2 tu, kwa sababu kingi kilichotengenezwa mwanzo kingekuwa kimeshakufa. Saa zile zile 6 zikikatika mwishoni kabisa, unapoteza karibu asilimia 8. Hivyo kama kuna katizo la umeme lililotangazwa, panga siku ya kuanza ili liangukie mwanzoni mwa kazi.

Kibaya zaidi ni umeme unaoyumba. Volti ikishuka kwa sehemu ya sekunde, ulinzi wa mitambo ya masafa ya redio, ile inayozipa elektroni kasi, unazima kila kitu, na shabaha inapoa ghafla kisha kupashwa tena. Visahani na dirisha huchoshwa na kupanda na kushuka huko kuliko kuwaka mfululizo. Jenereta ya dizeli inafaa kushikilia pampu, feni na vipimo vya usalama. Kuendesha mwale wenyewe kwa dizeli ni kuchoma pesa, maana mwale wa kilowati 100 unavuta ukutani mara kadhaa ya hizo ukijumlisha upoozaji.

Bahari iko hapa. Kwa nini tusipoze kwa maji yake?

Maji ya bahari hayaguswi na mashine. Kloridi inakula shaba na hata chuma cha pua. Mzunguko wa ndani ni wa maji yaliyoondolewa madini, umefungwa, na unapimwa upitishaji wa umeme kila wakati. Bahari inaweza kutumika upande wa pili tu wa kibadilisha joto, na hapo mabamba yawe ya titani, na chaza na mwani visafishwe kwa ratiba.

Hatari kubwa zaidi kwa pwani ni unyevu wa hewa. Kwenye hewa ya Tanga, bomba la maji ya nyuzi 15 linatoa jasho mchana kutwa, na tone moja likianguka kwenye kitu chenye volti kubwa, cheche inaruka. Maji ya kichapuzi yawekwe nyuzi 30 au zaidi, yakishikiliwa bila kuyumba, na mabomba ya baridi ya kiyoyozi yavikwe sponji bila kuacha kiungo hata kimoja wazi.

Kichapuzi cha elektroni kinaweza kutengeneza isotopu gani nyingine?

Shaba-67, kutoka zinki-68, kwa ajili ya kutibu saratani. Nusu-uhai wake ni saa 62 hivi. Maabara ya Argonne ya Marekani huitengeneza. Skandiamu-47, kutoka titani-48. Aktini-225, kwa kuipiga radiamu-226 ipate kuwa radiamu-225, ambayo huzaa aktini; hii inatafutwa sana, lakini radiamu hutoa gesi ya radoni, na chumba cha kuishughulikia ni kazi nyingine kabisa.

Florini-18 ya PET, aina nyingine ya picha ya tiba ya nyuklia, haitoki huku. Inahitaji protoni za saiklotroni, kichapuzi cha aina nyingine. Iodini-131 na lutesi-177 ni za vinu.

Mashine ikizimwa, mionzi inaendelea? Inaweza kulipuka?

Mwale unakoma papo hapo, na hakuna mfululizo wa mipasuko wa kulipuka. Kinachobaki ni vitu vilivyoamshwa: shabaha, dirisha, shaba iliyo karibu. Hewa ya chumbani inakuwa na nitrojeni-13 yenye nusu-uhai wa dakika 10 na oksijeni-15 ya dakika 2, pamoja na ozoni inayowasha koo na kuoza mpira wa nyaya. Hivyo feni inaachwa ivute kwanza, kipima mionzi kinasomwa kutoka nje, ndipo mlango unafunguliwa. Kuta za zege huwa na unene wa mita 2 hadi 3, kwa sababu ya nyutroni zaidi kuliko fotoni. Mfanyakazi anaruhusiwa wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, na mwananchi asiyefanya kazi hapo 1. Leseni hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye makao makuu Arusha.

Basi Tanga ijengewe kichapuzi?

Kwa maoni yetu, si sasa. Kinachohitajika kwanza kwa mgonjwa wa Tanga ni kamera ya gama, chumba cha kuandalia dawa, mfamasia aliyefunzwa, na jenereta inayofika kwa ratiba. Hesabu ni hii: dozi ya kupima mifupa ya megabekereli 740 (nacho ni kipimo cha wingi wa mionzi) ikiandaliwa Dar es Salaam na kuletwa kwa gari kupitia Chalinze na Segera, maandalizi na safari vinakula saa 7. Lazima iondoke ikiwa karibu megabekereli 1,660. Bagamoyo, kwa saa 2, bado ina asilimia 79 na inaweza kuishi kwa dozi za kuletwa. Tanga haiwezi, inahitaji jenereta yake. Kichapuzi kina maana kikiwa cha taifa zima au cha kanda, kikilisha hospitali nyingi.

Jenereta ikichelewa njiani au forodhani?

Siku moja inaondoa asilimia 22 ya molibdenamu. Siku mbili, karibu 40. Hakuna namna ya kuzirudisha. Nyaraka zikamilike kabla ndege haijaondoka, na awepo mtu mmoja mwenye jina na simu anayewajibika kuupokea mzigo, hata siku ya sikukuu.

Inakamuliwa mara ngapi kwa siku?

Kilele cha teknisiamu hufika saa 23 hivi baada ya kukamua. Lakini huna haja ya kusubiri. Tofauti na nazi, ambayo tui la pili ni jepesi daima, jenereta ukiipumzisha inarudi: ukikamua saa 1 asubuhi, saa 7 mchana utapata karibu asilimia 60 ya kilele. Wagonjwa wa dharura wapangwe mchana.

Jumatatu angalia. Iliyokaa tangu Ijumaa imejaza teknisiamu-99 ya muda mrefu, ambayo kemikali hazitofautishi na 99m. Kamua, mwaga kwenye taka za mionzi, kisha kamua tena kwa ajili ya dawa nyeti.

Tutajuaje kama molibdenamu imevuja kwenye dawa?

Weka kichupa ndani ya kopo la risasi la milimita 6 hivi, kisha ndani ya kipimadozi. Risasi inazuia gama ya keV 140 ya teknisiamu, lakini ile ya keV 740 ya molibdenamu inapita, nawe unaisoma. Kipimo cha Marekani kinaruhusu kilobekereli 0.15 za molibdenamu kwa kila megabekereli ya teknisiamu, wakati wa kumchoma mgonjwa.

Hayo maneno ya mwisho wengi huyasahau. Teknisiamu inapungua haraka kuliko molibdenamu, kwa hiyo uwiano unaharibika kadiri kichupa kinavyokaa. Ukipima 0.05 asubuhi, baada ya saa 6 ni 0.094, bado salama. Baada ya saa 12 ni 0.176, na kichupa hicho hakifai tena ingawa hakuna aliyekigusa. Andika kwenye lebo saa ya mwisho ya kutumika, siyo saa ya kukamua peke yake. Kipimo kifanyike kila ukamuaji, hasa kwenye mfumo huu wa mmumunyo, ambao unategemea safu ndogo ya mwisho isichoke.

Mama yangu amechomwa sindano hiyo Dar. Anaweza kurudi Tanga kwa basi siku hiyo hiyo?

Kwa kipimo cha kawaida cha teknisiamu, mara nyingi ndiyo, akisharuhusiwa na waliompima. Picha ya mifupa huchukuliwa saa 2 hadi 4 baada ya sindano. Anywe maji ya kutosha na akojoe mara kwa mara, anawe mikono vizuri, asimpakate mtoto mchanga wala kukaa muda mrefu karibu na mjamzito kwa siku hiyo. Anayenyonyesha aseme kabla ya kuchomwa, atapewa muda wa kusubiri kulingana na dawa aliyopewa. Baada ya saa 24 kinachobaki hakizidi moja ya kumi na sita ya alichochomwa, na kwa kuwa nyingine imetoka kwa mkojo, ni chini ya hapo.